Mlio wa Tatu

Babu yangu, Danstan Nyandwi, hakuwahi kumkimbiza mwizi hata mmoja, ingawa alitoka kwenye kila yowe lililopigwa katika kitongoji chetu kwa miaka arobaini. Kitongoji kiko Ntobeye, upande unaotazama Lukole, palipokuwa na kambi ya wakimbizi. Kila mwanamume mwenye miguu mizima hutakiwa kutoka, na asiyetoka huulizwa kesho yake alikuwa wapi. Babu naye alitoka, lakini alitoka akitembea, mikono mitupu, pembe fupi ya pongo ikining'inia kifuani kwa ukanda wa ngozi. Wengine walikwenda kukamata. Yeye alikwenda kuzima.

Yowe, ambalo kwa Kihangaza tunaliita induru, ni rahisi kulianzisha. Mtu mmoja hupaza sauti huku akijipigapiga mdomo kwa kiganja, wa kilima cha pili anapokea, na baada ya muda mfupi migomba inaanza kutoa watu wenye mapanga na marungu, wengine hawajui hata kilichoibwa. Kulizima ndiyo shida. Mtu aliyekimbia vilima viwili hataki kurudi na hasira yake nyumbani. Kwa hiyo kuna pembe. Mlio wa kwanza maana yake simameni. Wa pili, mwachieni. Wa tatu, rudini, kila mtu kwake, jambo limekwisha. Baba wa babu alikuwa na pembe hiyo kabla yake, na alimwachia pamoja na miiko miwili: isipulizwe pasipo yowe, na yowe lisiachwe bila mlio wa tatu. Yowe lisilofungwa halilali, walisema. Linabaki palepale, likikimbia.

Ukiacha hilo la pembe, alikuwa mkulima kama wengine. Alilima maharage bondeni na migomba mlimani, akaimba sauti ya chini kwenye kwaya ya kanisa, vibaya lakini kwa moyo. Alimwoa bibi yangu, Eustakia, kutoka Nyantakara wilayani Biharamulo, na maisha yao yote waliyapitisha wakitaniana.

"Niliambiwa naolewa na askari wa kijiji," bibi alisema mbele ya wageni. "Kumbe ni mpuliza pembe."

"Na mimi niliambiwa wanawake wa Nyantakara ni wakimya," babu alijibu. "Sote tulidanganywa, Mama Laurian. Ongeza maharage."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo hakulifanyia mzaha. Chini ya shamba la mzee Matiasi, jirani yetu, kuna msitu mdogo wa mikaratusi, na njia fupi ya kwenda bondeni inapita humo. Babu hakuipita. Alizunguka, hata akiwa na mzigo kichwani, hata mvua ikinyesha. Nilipokuwa shule ya msingi nilimuuliza sababu.

"Kuna watu wanakimbia humo," alisema, kwa sauti ya mtu anayekuambia kuna matope.

Sikuuliza tena. Mimi si mtu wa kuuliza mara mbili.

*

Ugonjwa wake ulianza na funza. Ilikuwa mwezi wa saba mwaka juzi, vumbi jingi, nami nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya kumaliza shahada ya sayansi ya maabara, nikingoja kazi na kusoma vitabu vyangu vilevile kwa mara ya pili. Babu aliketi kizingitini akamtoa funza kwenye kidole kidogo cha mguu kwa pini aliyoichomeka kwenye kola ya shati. Alimtoa vizuri, na kifuko chake chote. Kishimo kilichobaki kilikuwa kama punje ya ulezi. Akapaka majivu, akavaa ndala, akaenda shambani.

Siku ya nne mguu ulivimba hadi kifundoni, ukawa mwekundu na kung'aa. Siku ya tano, Alhamisi, homa ilimshika. Mjomba Laurian, mtoto wake wa kwanza, alitaka kumpeleka zahanati, babu akasema mtu hapelekwi zahanati kwa sababu ya funza, watamcheka. Bibi akamkanda mguu kwa maji ya moto na majani. Alikuwa akiungua hata ukuta wa karibu na kitanda ulionekana kuwa na joto.

Kwetu mgonjwa wa homa huwekewa kigae cha makaa chumbani, na makaa hayaachwi kuzimika. Homa ikimtoka, mkubwa wa nyumba hukibeba kigae hadi njiani na kuyamwaga makaa huko, ili homa iondoke na moto wake. Kisha mgonjwa hutolewa nje, na majirani huja kumpa mkono na kunywa togwa.

Jumapili asubuhi homa ilimtoka. Bibi aliweka kiganja kwenye paji la uso wake, akakiweka tena, akaanza kulia kwa furaha. Laurian akabeba kigae. Watu walipotoka misani walikuta makaa yakifuka njiani, wakajua, wakaingia uani mmoja mmoja. Mama mdogo Priscila aligawa togwa. Babu alikuwa amekalishwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, nasi tulipanga mstari kumwamkia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba."

Nilishika mkono wake. Ulikuwa wa baridi kama kitu kilichofukuliwa bondeni. Kucha zake zilikuwa na rangi ya zambarau iliyopauka. Nilirudi nyuma, nikakaa karibu na ukuta, nikaangalia kifua chake na saa yangu. Alihema mara thelathini na mbili kwa dakika, naye ameketi tu, hajabeba kitu. Nilijua hilo ni nini. Nilikuwa nimelijibu kwenye mtihani, kurasa mbili, na nilipata alama nzuri. Homa inayoshuka namna ile haijaondoka. Imezama.

Lakini watu walikuwa wanacheka, na mzee Matiasi alikuwa amesimama na kikombe akitoa shukrani ndefu, na mimi ndiye mdogo kuliko wote pale. Nilisema moyoni, ngoja amalize. Kisha nikasema, ngoja wanywe. Nilingoja.

Babu ndiye aliyevunja shukrani. Alikuwa akitazama juu ya vichwa vyetu, upande wa mikaratusi.

"Mbona hamwendi?" aliuliza.

"Wapi, Baba Laurian?" bibi akamwinamia.

"Yowe."

Tukasikiliza. Kulikuwa na kuku, na lori la mbali likipanda mlima kuelekea mpakani. Basi.

"Hakuna yowe."

"Lipo. Limeanzia kwa Matiasi."

Mzee Matiasi alicheka. "Mimi niko hapa, Danstan, na mdomo wangu umejaa togwa."

Watu wakacheka pia. Babu alimtazama kwa makini, kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Uko hapa," alisema. "Na uko kule."

Kicheko kilikatika. Matiasi akashusha kikombe polepole. Ndipo nilipomvuta mjomba Laurian shati, nikamwambia sikioni kwamba babu hajapona, kwamba tukingoja hadi jioni tutamzika. Aligeuka kunitazama. Sikuwa nimewahi kumwambia sentensi ndefu kiasi kile.

"Umejua saa ngapi?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Alikimbia kuomba gari la parokia.

Babu alikubali kupakiwa kwa sharti moja, pembe iende naye. Bibi aliitoa msumarini na kumvisha shingoni. Njia nzima alikuwa ameishika, midomo yake ikitikisika, macho yakifuata kitu kilichokuwa kikikimbia sambamba na gari, ndani ya migomba.

*

Hospitalini alipokewa na daktari aliyeitwa Anjelika, mwanamke mfupi anayesema kwa sauti ya chini hata wakati anaharakisha. Presha ya babu ilikuwa themanini kwa hamsini. Moyo ulikuwa ukipiga mara mia moja ishirini na sita. Mkojo hakuna. Wakamtundikia dripu mbili, wakachukua damu, wakampa antibiotiki ya mshipani, wakamvalisha oksijeni, wakaufungua mguu na kutoa usaha. Magoti yake yalikuwa na madoa ya bluu kama ramani.

"Ni sepsisi," aliniambia baada ya kujua nilichosomea. Bibi aliyekuwa nyuma yangu akasema, "Niambie mimi. Huyu ataniambia robo tu, anaona haya."

Daktari Anjelika akavuta kiti. Alimweleza kwamba bakteria waliingilia kwenye kile kishimo cha funza na kufika kwenye damu.

Jumatatu ikapita babu akiwa vilevile. Jumanne asubuhi bibi alimzuia daktari tena mlangoni mwa wodi.

"Hao wadudu bado wapo?"

"Wengi wamekufa, mama. Dawa inafanya kazi. Damu ya jana inaonyesha hivyo."

"Basi nani anamuua?"

"Waliokuja kumsaidia," alisema.

Akaeleza, na mimi nilishangaa jinsi alivyolirahisisha bila kuliharibu. Damu ina chembe nyeupe ambazo ni walinzi. Zikigusa bakteria, hutoa ishara, na ishara huita nyingine, na hizo huita nyingine. Zinakuja kwa mamilioni. Silaha zao ni sumu, na sumu haichagui. Kwenye kidonda kidogo hilo ni jema, kidonda kinavimba, kinauma, kinapona. Lakini ishara ikienea mwili mzima kwa wakati mmoja, walinzi wanashambulia hata palipo salama. Mishipa ya damu inavuja. Figo zinazimika. Mapafu yanajaa maji. Adui ameshaanguka, nao bado wanapiga.

Bibi alikuwa amekaza macho. "Hawana mtu wa pembe?"

Daktari alinigeukia. Nikamweleza kwa maneno machache kazi ya babu. Alisikiliza hadi mwisho.

"Wanaye," alisema. "Kuna chembe ambazo kazi yake ni hiyohiyo. Ni chache. Haziui kitu. Zinapita katikati ya wenzao zikitoa ishara ya kutulia, na wenzao wakizisikia wanaacha. Hata baadhi ya wale waliokuwa wanashambulia hubadilika, wanaanza kuzoa maiti na kuziba palipobomoka. Mtu anapona sepsisi kwa sababu ya hizo, mama. Dawa yetu inaua wadudu tu."

"Basi mpe hizo chembe."

"Hatuna. Watu wanatafuta namna, sehemu nyingi za dunia. Hata wakiipata, kazi ni kujua saa. Ukizima mapema, wadudu wanabaki na mwili hauna mlinzi. Ukichelewa..." Alitazama kitanda. "Sisi tunashikilia presha na pumzi. Za kwake mwenyewe ndizo tunazozingoja."

Babu alikuwa amefumbua macho. Alisema kitu ndani ya barakoa ya oksijeni. Bibi akamwinamia, akarudi uso wake umekuwa wa kijivu.

"Anasema wanamzunguka. Anasema hakuwarudisha."

*

Mchana huo, kwenye benchi la nje ya wodi, bibi alinieleza. Alisema babu alimsimulia mara moja tu, mwaka uleule wa tukio, na kumwomba asimuulize tena.

Ilikuwa mwaka tisini na tano, Lukole ikiwa mji wa maturubai. Mbuzi wa babu alipotea asubuhi. Matiasi aliona mtu akipita na kamba mkononi chini ya shamba lake, akapiga yowe. Watu walimkuta kwenye mikaratusi. Alikuwa mkimbizi anayetafuta kuni. Kamba ilikuwa ya kufungia kuni, na kuni zilikuwa pale miguuni pake, lakini hakuna aliyeziangalia. Walianza kumpiga. Kila walipompiga alitaja jina lake, kana kwamba kulikuwa na makosa ya majina tu: Nitwa Iteka. Nitwa Iteka.

"Babu yako alifika mapema," bibi alisema. "Alitembea lakini alifika mapema. Pembe ilikuwa mkononi. Aliniambia, Mama Laurian, nilitaka kwanza aseme mbuzi yuko wapi. Nilingoja kidogo."

Niliangalia miguu yangu.

"Kisha akapuliza wa kwanza, wakasimama. Wa pili, wakamwachia. Yule mtu akainuka. Hakuwatazama waliompiga. Alimtazama mwenye pembe. Akageuka akaelekea bondeni, mkono mmoja umelegea, hakuchukua hata kuni zake. Babu yako akaweka pembe mdomoni kwa wa tatu akashindwa. Aliniambia, ningewezaje kusema kila mtu arudi kwake, naye kwake kumeungua? Watu walichoka kungoja wakatawanyika tu. Hakuna aliyerudishwa."

"Na Iteka?"

"Alimtafuta kambini siku tatu. Hakuna aliyemjua. Au hakuna aliyetaka kumjua mbele yetu."

"Na mbuzi?"

"Kamba yake ilikuwa imejifunga kwenye mabingobingo ya bondeni. Alikuwa anakula."

Bibi akainuka, akaingia wodini, akaivua pembe shingoni mwa babu taratibu. Vidole vyake havikutaka kuiachia. Akamnong'oneza kitu, vikaachia.

*

Tulifika mikaratusini Jumatano kama saa tatu asubuhi. Laurian alikuwa amebaki na mgonjwa. Ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa bado umelala kwenye bonde na kupanda hadi nusu ya miti, hivi kwamba vigogo vilionekana vinaanzia hewani. Majani makavu yalikuwa yametandazika chini, marefu, yenye harufu ya dawa ya kifua.

"Bibi," nilisema, "haipulizwi pasipo yowe."

"Mwulize babu yako kama hakuna yowe."

"Na wanawake hawaipulizi."

"Mimi ni wa Nyantakara. Miiko yenu hainijui."

Alijaribu. Ilitoka sauti kama ng'ombe anayekohoa. Siku nyingine tungecheka. Akafuta mdomo kwa khanga, akajaribu tena, hewa tupu. Ndege walikuwa wakilia juu yetu. Mara ya tatu alifumba macho, akavuta pumzi kwa muda mrefu hadi nikaogopa, na pembe ikalia.

Sikuwa nimewahi kuisikia nikiwa karibu. Haikuwa kali. Ilikuwa sauti pana, ya chini, iliyopita kwenye miti na kuingia kwenye ukungu na kuendelea kwenda. Ndege wakanyamaza. Mlio mmoja tu, mrefu, ule wa kurudi. Bibi alisubiri uishe kabisa ndipo akaishusha pembe.

Kisha watu wakaanza kutokea. Walitoka kwenye ukungu ukingoni mwa msitu, mmoja hapa, mwingine pale, kutoka mashambani walikokuwa: mke wa jirani yetu Nduwayo na jembe begani, vijana wawili wa Matiasi, na mzee Matiasi mwenyewe, amevaa kaptula ya kulimia, rungu mkononi. Walisimama kama mita ishirini kutoka kwetu, wakihema kama waliokimbia, ingawa pembe ilikuwa imelia muda huohuo na mashamba yao hayakuwa karibu.

"Nani amepiga yowe?" Matiasi aliuliza.

"Hakuna," bibi alisema. "Rudini nyumbani."

"Nimelisikia, Eustakia. Nilikuwa nimeshatoka kabla ya pembe." Aliangalia rungu lake kama lililetwa na mtu mwingine. "Nimelisikia tangu Jumapili. Nilidhani ni masikio."

"Limekwisha. Rudi nyumbani, shemeji."

Matiasi aliinama akaliweka rungu chini, kwenye majani, polepole, jinsi mtu anavyomlaza mtoto. Akageuka. Wengine wakageuka naye. Ukungu uliwachukua mmoja baada ya mwingine hadi tukabaki wawili.

Lakini majani makavu yaliendelea kuvunjika. Si upande waliokwenda. Nyuma yetu, ndani ya msitu, miguu ya mtu mmoja ilikuwa ikishuka kuelekea bondeni, bila haraka, kila hatua mbali zaidi. Bibi alinishika mkono. Hatukugeuka. Tulisikiliza hadi kukawa kimya, na ndege mmoja akaanza tena.

Tuliporudi hospitalini, Laurian alikuwa amesimama koridoni, macho mekundu.

"Amekojoa," Laurian alisema. "Chupa nzima. Na presha imekaa yenyewe, daktari amepunguza dawa. Anaomba uji."

Daktari Anjelika alisema antibiotiki ilikuwa imefikia siku ya tatu na mwili wake umeanza kutuliza, na hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wanaobahatika. Naamini alisema kweli. Nimeyasoma mambo hayo kwenye vitabu vitatu. Laurian angeweza kuniambia presha ilianza kukaa saa ngapi, kwani nesi aliandika kwenye chati. Chati ilining'inia pale kitandani kwa siku tisa. Sikuifungua.

*

Babu alirudi nyumbani bila vidole viwili vya mguu. Vilikuwa vimekauka na kuwa vyeusi, damu haikuvifikia siku zile mbaya. Mwezi uliofuata alipata nimonia, akalazwa tena; daktari alikuwa amekwisha kutuonya kwamba baada ya vurugu kubwa walinzi huchoka, na mwili hubaki wazi. Hiyo nayo akapona. Alikuwa amekonda, akitembea kwa fimbo, akisahau majina. Kwenye kwaya alirudi akaimba vibaya zaidi.

Bibi hakumwambia kuhusu mikaratusi, wala mimi. Siku moja tulipokuwa tunakwenda bondeni taratibu, tukafika pale njia inapogawanyika, akasimama akasikiliza, kichwa ameinamisha. Kisha akashika njia fupi. Rungu la Matiasi lilikuwa bado palepale, mchwa wameanza kulila. Alilisukuma kando kwa fimbo na kuendelea.

Mwezi wa pili mwaka uliofuata yowe lilipigwa kweli. Ilikuwa kama saa kumi jioni, jua bado kali. Lilianzia kilima cha kanisa, likapokelewa kwa Nduwayo, likaja kwetu, na watu wakaanza kupita mbele ya nyumba wakikimbia. Mbuzi ameibwa, walisema. Wa nani? Wa Danstan, yule mwenye mimba, alikuwa amefungwa karibu na barabara.

Babu aliinuka kwenye kiti chake kizingitini. Alichukua hatua tatu kuelekea njiani na mguu ukakataa. Kidonda cha vidole kilikuwa hakijafunga vizuri, niliona damu ikitoka kwenye kitambaa. Alisimama pale, akishikilia fimbo, akitazama watu wakiingia migombani na mapanga yao. Kwa kwenda kwake angefika baada ya nusu saa.

Akaweka pembe mdomoni, palepale uani.

Mlio wa kwanza. Miguu ikapungua. Wa pili. Sauti za mbali zikakatika moja moja. Akavuta pumzi, nami bila kutaka nikaanza kuhesabu, na bibi aliyekuwa mlangoni akashika fremu kwa mikono miwili. Wa tatu ukatoka mrefu, mzima, hadi mwisho.

Mzee Matiasi alirudi akiwa anatweta, kijasho kinamtoka. Mikononi hakuwa na kitu.

"Danstan, hatujamwona hata mgongo. Umezima kabla hatujafika."

"Ndiyo."

"Mbuzi ni wako."

"Najua ni wangu."

"Sasa atakwenda naye."

"Huenda," babu alisema. "Na kesho atarudi kuiba wako, na utanilaumu, na utakuwa na haki. Karibu ukae, Matiasi. Nimeshachelewa mara moja, inatosha kwa maisha yangu yote, sitaki nyingine."

Matiasi alikaa. Hawakutazamana. Bibi akaleta kitambaa kipya akaanza kumfunga mguu, akinung'unika kwamba sasa ameolewa na mpuliza pembe asiye na mbuzi. Babu akamwambia anyamaze kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona akinyamaza.

Alikuwa ameinamisha kichwa, kama siku ile njia ilipogawanyika. Nyuma ya nyumba, majani ya migomba yalikuwa yanasogea, na upepo haukuwapo. Mtu alikuwa anapita huko, karibu sana, akijaribu kutokanyaga matawi. Vidole vya Matiasi vilijikunja kwenye goti, vikitafuta rungu ambalo hakuwa nalo. Babu akaweka mkono wake juu yavyo.

"Sikiliza," alisema kwa sauti ya chini.

Tukasikiliza. Ilikuwa pumzi, ya haraka, ya woga, inayokwaruza.

"Huyu bado anahema," babu alisema. "Mwacheni apite."